Mbaga Tuzinde: Kijana wa Nyumba ya Mkuu wa Wauaji



Kila tarehe 3 Juni tunamkumbuka Karoli Lwanga na wenzake. Lwanga tunamjua. Kizito ndiyo usiseme, kuna kwaya na jumuiya ngapi zenye jina lake! Lakini katika ile orodha ya mashahidi 22 wa Uganda kuna kijana mmoja ambaye wengi tunalisoma jina lake haraka haraka tukiwahi kumaliza litania. Leo naomba tusimame kwake. Anaitwa Mbaga Tuzinde.

Nina sababu ya kumchagua. Huku Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, wapo vijana wengi wa bara waliokuja kutafuta kazi kwenye mahoteli na kwenye ujenzi. Wakatoliki tuko wachache na tunajuana. Jioni mkikaa ufukweni, maji yametoka, Mnemba inaonekana kule mbele, mazungumzo yakifika kwenye habari za nyumbani, neno moja husikika mara nyingi kuliko unavyodhani: baba wa kambo. Kuna mtu ambaye hakuvuka bahari kufuata hela. Alivuka ili asisikie tena sauti ya mtu fulani akiita jina lake ukumbini. Na wapo walio bado ndani ya nyumba hizo, wanahesabu miezi wamalize kidato cha nne waondoke.

Sasa, Mukajanga hakuwa baba wa kambo kwa maana ile tunayoizoea, ya mwanaume aliyemwoa mama yako. Alikuwa baba mlezi. Mbaga alikuwa wa ukoo wa karibu naye, akachukuliwa na kulelewa kama mwana, na vitabu vingine vinamwita moja kwa moja mtoto wake. Katika Buganda ya wakati ule jambo hilo lilikuwa la kawaida kabisa. Mtoto aliweza kutolewa kwa wazazi wake akakulia kwa ndugu mwenye cheo, na kutoka hapo akapelekwa ikulu kumtumikia Kabaka, yaani mfalme wao. Ukilelewa kwa mkubwa, milango inafunguka. Kwa macho ya watu Mbaga alikuwa na bahati.

Shida ilikuwa kazi ya huyo mkubwa. Mukajanga alikuwa mkuu wa wauaji wa Kabaka. Mtu akihukumiwa kufa, ni yeye na watu wake waliomshughulikia. Namugongo, pale ambapo leo watu wanakwenda kuhiji, palikuwa mahali pake pa kazi.

Hebu fikiria kidogo. Chakula unachokula kimetoka kwenye kazi hiyo. Watu wanakuheshimu njiani, na unajua ni heshima ya aina gani. Sijasoma popote kwamba Mukajanga alimpiga Mbaga wala kumnyima chakula, na yatakayofuata yanaonyesha kwamba alimpenda. Lakini kuna nyumba ambazo ugumu wake hauko kwenye fimbo. Uko kwenye kujua kwamba mtu anayekulisha ana upande ambao wewe huwezi kuufuata, na siku moja utalazimika kumwambia hivyo.

Dini ilimfikiaje kijana kama huyo? Hapa lazima turudi kidogo Unguja kwetu.

Mwaka 1878 kundi la kwanza la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, lilishuka Zanzibar. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshatangulia hapa na Bagamoyo, wakawapokea na kuwasaidia kujiandaa kwa msafara. Kisha wakaanza safari ya kwenda bara kwa miguu. Wengine waliugua, wengine walikufa. Tarehe 17 Februari 1879 Padre Simeoni Lourdel na Bruda Amans walifika kwenye ufukwe wa Ziwa Viktoria upande wa Entebbe. Waganda walimbatiza Lourdel jina lao, Mapeera, kutokana na Kifaransa cha kumwita baba. Kitu kimoja kinachonifurahisha: katika siku zile za mwanzo, Kiswahili kilikuwa kikisikika ikulu kwa Kabaka kwa sababu ya wafanyabiashara waliotoka pwani, na wamisionari nao walikitumia kuzungumza na kufundisha kabla hawajakishika Kiganda sawasawa. Kwa hiyo lugha hii unayoisoma hapa ilikuwepo pale imani ilipoanza.

Waliojiunga na mafundisho waliitwa wasomaji, maana kusoma na kusali vilikwenda pamoja. Ubatizo wa kwanza ulifanyika Machi 1880. Halafu mambo yakawa magumu, na mwishoni mwa 1882 mapadre waliondoka Buganda, wakavuka ziwa kuja upande wa kusini, Bukumbi, karibu na Mwanza. Ndiyo, mapadre nao walikimbia. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Kabaka Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana ambaye hajafika hata miaka 20. Mapadre walirudi mwaka 1885 na wakakuta jambo la ajabu: wasomaji hawakupungua, waliongezeka. Walei ndio walioibeba imani muda wote huo. Mmoja wao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mwenye cheo kikubwa kwenye nyumba ya Kabaka na aliyewasimamia watumishi vijana. Yosefu alifanya mambo mawili ambayo Mwanga hakuyasamehe. Aliwaficha na kuwaondoa vijana kila Kabaka alipowataka kwa matendo machafu, na alimlaumu kwa kuamuru kuuawa kwa Askofu Hannington wa Kianglikana, Oktoba 1885.

Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu alihukumiwa kuchomwa moto. Aliyepewa kazi hiyo ni Mukajanga.

Inasimuliwa kwamba Mukajanga alimheshimu Yosefu, na kwa sababu hiyo hakumtia motoni akiwa hai. Alimkata kichwa kwanza, ndipo mwili ukachomwa. Yosefu kabla ya kufa alimtumia Mwanga ujumbe kwamba anamsamehe, ila atubu.

Nikifika hapa huwa namfikiria Mbaga. Alikuwa na miaka kama 16 hivi. Mtu aliyekuwa kama kaka mkubwa wa vijana wote pale ikulu ameuawa, na aliyemuua ni mtu anayemwita baba. Sina habari ya walichozungumza wawili hao siku ile, kama walizungumza. Ninachojua ni kilichofuata: Mbaga hakuacha mafundisho. Karoli Lwanga, aliyebatizwa usiku wa siku hiyohiyo ya kifo cha Yosefu, alichukua nafasi ya kuwalinda vijana, na Mbaga akabaki chini yake, mkatekumeni, akisubiri ubatizo.

Mtu akisikia hivi anaweza kuuliza, kwa nini asitoroke? Angekwenda mbali na ikulu, mbali na Mukajanga, akaanza upya. Ni swali zuri na tusilijibu kwa haraka, kwa sababu kuna vijana ambao wameshajibiwa vibaya. Wameambiwa kwamba Mkristo mwema anavumilia tu, kwamba kumkimbia baba anayekupiga ni kukosa adabu, kwamba huo ndio msalaba wako. Si kweli. Mapadre walikimbilia Bukumbi, na hakuna anayewaita waoga. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi kwamba wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Na kabla ya hapo, alipokuwa mtoto mchanga, alibebwa usiku kwenda Misri kumkimbia Herode.

Na aliyembeba ni nani? Yosefu, ambaye hakumzaa. Ukiwa Mji Mkongwe ukainua macho kwenye Minara Miwili, lile kanisa kuu ambalo wamisionari wa Kifaransa walilijenga miaka ya 1890, kumbuka kwamba lina jina la Mtakatifu Yosefu. Jimbo letu zima la Zanzibar lina kanisa kuu lenye jina la mwanaume aliyelea mtoto asiye wa damu yake, na alipoona mtoto yuko hatarini alimtoa. Huyo ndiye kipimo cha baba mlezi. Wa kwako akishindwa kufika hapo, kosa si lako.

Kwa hiyo kama unaposoma hapa kuna mtu nyumbani anayekuumiza au kukugusa isivyofaa, usimsome Mbaga kana kwamba anakuambia ukae. Mwambie mtu mzima unayemwamini: shangazi, mjomba, mwalimu, katekista, paroko. Kuna namba 116, ni ya bure, kwa ajili ya watoto, na kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Sasa turudi kwa Mbaga, maana yeye alikuwa na jambo lingine.

Tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alikuwa Munyonyo, kwenye makazi yake kando ya ziwa. Alirudi kutoka kuwinda akiwa na hasira, akawaita watumishi, hawapo. Akamkuta Dionisi Ssebuggwawo amemfundisha dini Mwafu, mtoto wa waziri wake mkuu. Alichukua mkuki akamjeruhi kwa mkono wake mwenyewe, na kesho yake Dionisi akauawa.

Usiku ule kila mtu alijua kesho itakuwaje. Malango yalifungwa. Karoli Lwanga aliwakusanya wale ambao bado hawajabatizwa, akawabatiza mwenyewe, kwa sababu padre asingeweza kufika. Miongoni mwao walikuwa Kizito, Gyaviira, Mugagga na Mbaga. Ukitazama orodha ya mashahidi utaona kitu: wenzao wengi wana jina la ubatizo mbele, Karoli, Yosefu, Dionisi, Bruno, Ambrosi. Hawa wanne wamebaki na majina waliyokuja nayo. Napenda hivyo. Leo watoto wanabatizwa Kizito, na Kizito alikuwa Kizito tu.

Asubuhi ya tarehe 26 Mwanga aliwaita watumishi wote mbele yake. Akaamuru wanaosali wasimame upande mmoja, penye uzio, na wasiosali wabaki kwake. Lwanga alitoka wa kwanza. Amemshika mkono Kizito, mdogo wao, mwenye miaka 14. Wengine wakafuata, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Mbaga akafuata.

Mukajanga alikuwa pale. Ilikuwa kazi yake kuwa pale. Watu wake ndio walioshika kamba.

Nadhani hakuna hatua nyingine katika maisha ya Mbaga iliyokuwa ndefu kama ile, ingawa ilikuwa ya mita chache tu. Kila mmoja katika kundi lile alikuwa anamwasi mfalme. Mbaga alikuwa anamwasi mfalme na hapohapo anamtia baba yake katika mtihani mbele ya watu wote. Unajua jinsi ilivyo vigumu kumwambia hapana mtu aliyekulea, hata ukiwa na haki? Unasikia kama unamdhulumu. Na ukikumbuka kwamba amekulisha, amekuvisha, amekuombea nafasi ikulu, hapo ndipo mdomo unazidi kuwa mzito.

Padre Lourdel alikuwa amefika Munyonyo kujaribu kuomba msamaha kwa Kabaka. Hakupewa nafasi. Alisimama nje akawaona wakipitishwa mbele yake wamefungwa makundi mawili, wakubwa na wadogo, bila ruhusa ya kumwambia neno. Njiani kuelekea Namugongo watatu waliuawa: Ponsiano Ngondwe, Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza. Waliobaki wakafika, wakawekwa chini ya ulinzi, wakafungwa miguu na shingo. Wakangoja wiki nzima, kwa sababu kuni za moto mkubwa namna ile hazikusanywi kwa siku moja.

Wiki hiyo ndiyo inayonigusa kuliko hata moto wenyewe. Mbaga alikuwa mfungwa wa baba yake. Wengine walikuwa wanangoja mtu wasiyemjua. Yeye alimjua kwa sauti na kwa hatua zake.

Na Mukajanga alijaribu kila njia. Jamaa nao walisihi. Kwanza alimwomba aache tu kusali. Haikufaa. Akashuka: asiache moyoni, aseme tu kwa mdomo kwamba hatasali tena. Haikufaa. Akashuka tena, na hapa ndipo mkuu wa wauaji wa Buganda anaonekana ni mtu kama wengine: akamwambia akubali tu afichwe. Ataondolewa kimyakimya, atawekwa nyumbani, Kabaka hatajua. Yaani mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akitekeleza amri, sasa yuko tayari kuvunja amri, na kuhatarisha shingo yake mwenyewe, kwa ajili ya kijana asiyemzaa.

Ngoja tukae hapo kidogo. Kijana anayeishi na baba mgumu mara nyingi anaota vitu viwili. Anaota kutoroka. Na chini kabisa, mahali asipopenda kupasema, anaota kwamba siku moja yule mzee atalainika, atamwangalia usoni, atamwomba, ataonyesha kwamba kumbe alikuwa anampenda. Mbaga alipewa vyote viwili kwa mpigo. Mlango wa kutoroka ulifunguliwa, na aliyeufungua ni baba mwenyewe, kwa machozi ya ukoo mzima.

Akakataa.

Alimjibu kwa heshima, bila kumtukana wala kumkumbusha Yosefu Mukasa. Aliona kwamba amefungwa kwa sababu ya imani yake, na kukubali kufichwa ilikuwa njia ya mzunguko ya kusema kwamba imani hiyo haipo. Wenzake aliobatizwa nao wiki iliyopita wangeingia motoni na yeye angeendelea kuishi akiwa ameandikwa kwamba ameacha. Vilevile alimwelekeza baba yake kwenye wajibu wake: amepewa amri na mfalme, asijitie matatani kwa ajili yake.

Wengine wakisoma hapa wanaona ukaidi wa kijana. Mimi siuoni hivyo. Mtu anayemchukia baba yake angefurahi kumwona katika kona ile, akihangaika. Mbaga alimhurumia. Alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huwa tunayachanganya: alimheshimu Mukajanga kama mzazi mpaka mwisho, na hakumpa dhamiri yake hata kidogo. Kwa kawaida tunafanya kinyume. Tunampa mzazi dhamiri, tunamkubalia kila kitu kwa mdomo, halafu heshima ndiyo tunayomnyima, kwa kinyongo, kwa kununa, kwa kumsema nyuma.

Na kuna tofauti moja ambayo haitakiwi ipotee. Kama mlango aliofunguliwa ungekuwa wa kuokoa uhai tu, nina hakika hakuna ambaye angemlaumu kwa kupita. Wakristo wengine wa Buganda walijificha siku zile na wakaishi, na Kanisa likakua kupitia kwao. Mlango wake yeye ulikuwa na bei, na bei ilikuwa Kristo. Ndiyo maana hakupita.

Alhamisi, tarehe 3 Juni 1886. Ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana. Usiku wa kuamkia siku hiyo ngoma za wauaji zilisikika, na asubuhi wafungwa wakatolewa. Walifurahi kuonana tena, wale waliokuwa wametenganishwa wiki nzima, mpaka walinzi wakashangaa ni watu gani hawa wanaosalimiana kama wako harusini. Karoli Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Wengine wakaendelea na njia kuelekea kwenye kuni.

Hapo Mukajanga akamwita Mbaga pembeni. Mara ya mwisho. Akarudia yote aliyokwisha kuyasema. Mbaga naye akarudia jibu lake.

Basi Mukajanga akafanya kitu kimoja kilichobaki katika uwezo wake. Akamwamuru mtu wake ampige Mbaga rungu nyuma ya shingo, afe mara moja, ili asiuone moto akiwa hai. Mwili wake ulifungwa kwenye matete kama wenzake ukawekwa juu ya kuni. Alimfanyia mwanawe kama alivyomfanyia Yosefu Mukasa miezi sita na nusu iliyopita: huruma ya muuaji, kufupisha njia.

Sijui niite nini kitendo kile. Upendo ulikuwemo, na uoga ulikuwemo, vyote kwenye pigo moja. Angeweza kumwacha huru kwa nguvu. Angeweza kwenda kwa Kabaka na kujiuzulu. Hakufanya hivyo. Alikuwa mtu wa mfumo mpaka ndani ya mifupa, na alichojua kumpa mtoto wake ni kifo cha haraka. Wapo wazazi wa namna hiyo hata leo, wanatoa kile tu walichojifunza kutoa.

Waliobaki walichomwa hai, Wakatoliki na Waanglikana kwenye moto mmoja, wakisali kwa sauti. Watatu miongoni mwa vijana walirudishwa dakika za mwisho, wakaishi, na ni kwa midomo ya watu kama Dionisi Kamyuka, mmoja wa hao watatu, kwamba tunajua mengi ya siku ile. Wakatoliki waliokufa Namugongo siku hiyo, ukimhesabu Lwanga, ni 13. Mbaga alikuwa na miaka kama 17, na Mkristo aliyebatizwa wa siku tisa.

Papa Benedikto XV aliwatangaza wenyeheri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1969 Paulo VI alikwenda mwenyewe Uganda. Basilika la Namugongo lina nguzo 22 kuzunguka, umbo lake kama nyumba ya asili ya Kiganda, na si mbali na hapo ndugu zetu Waanglikana wanatunza mahali pao pa mashahidi. Papa Fransisko alipokwenda Novemba 2015 alifika sehemu zote mbili.

Na Mwanga? Yake ni ya kushangaza. Mwaka 1888 alipinduliwa. Akakimbia, yeye sasa, akivuka ziwa kuja kusini, na mahali alipopata hifadhi ni Bukumbi, kwa mapadre walewale. Walimpokea. Wangeweza kumkumbusha majina 22, mmoja mmoja. Walimpa mahali pa kulala. Baadaye alirudishwa kwenye kiti, akapigana na Waingereza, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni visiwa vya Ushelisheli, akabatizwa huko na Waanglikana, akafa mwaka 1903. Alikuwa kijana wa umri wa Mbaga, karibu sawa, aliyepewa nguvu zote mapema mno.

Kila mwaka mahujaji wanakwenda Namugongo kwa miguu, wengine kutoka Kenya na kutoka kwetu Tanzania, wakitembea siku nyingi. Ukipata nafasi nenda. Ukishindwa, tarehe 3 Juni ingia Minara Miwili, au kigango kilicho karibu nawe, na litania ikifika jina lake usiipite haraka.

Mtakatifu Mbaga Tuzinde, utuombee.